Majibu Arobaini na Moja

Mimi ni mtu wa usafi na siombi radhi kwa hilo. Nyumbani kwangu hakuna anayepita sebuleni na viatu, hata mume wangu. Kazini, kwenye maabara ya udongo niliyokaa miaka kumi na sita, wenzangu wananiita Mama Dekio, na najua wanavyocheka nikigeuza mgongo. Wacheke. Hao hao ndio wanaoweka kikombe cha chai juu ya meza ya sampuli, halafu majibu yakienda mrama wanaulizana kulikoni. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba kosa hili halikufanywa na mtu mzembe. Mzembe angeziosha zile chupa kwa maji tu, akazianika na uchafu wake, na watu wangepata majibu ya kweli.

Kazi yenyewe iko hivi. Mkulima analeta udongo wake, tunaukausha, tunauponda, tunauchekecha. Kijiko kimoja kinaingia kwenye chupa ya kutikisia pamoja na dawa ya kuivuta fosforasi itoke kwenye udongo. Tunatikisa, tunachuja, tunatia dawa nyingine, na yale maji yanageuka bluu. Bluu nzito, fosforasi ni nyingi. Bluu hafifu, shamba lina njaa. Mashine inasoma ile rangi inatoa namba. Namba ikiwa chini ya kumi na tano, unamwandikia mkulima aweke mbolea ya kupandia. Ikipita thelathini, unamwambia asijisumbue.

Na hapo hakuna cha nitaweka baadaye. Mbolea ya kukuzia unaweza kuimwaga juu, mvua ikaishusha chini yenyewe. Fosforasi haitembei. Ukiiweka hapa inabaki hapa, mzizi ndio uifuate, na mche unaihitaji ukiwa mdogo, kabla mizizi haijajua kwenda mbali. Ukikosa kuiweka siku za kupanda, umekosa msimu.

Sasa nije kwa wifi yangu, dada yake mume wangu. Huyu mwanamke tumekuwa tukitupiana maneno tangu siku niliyoolewa. Mbele za watu ananitambulisha hivi: "Huyu ni mke wa kaka yangu, ana diploma ya kuosha chupa." Na mimi namjibu kwamba afadhali yangu ninayeosha chupa, kuliko yeye anayelima mahindi ya kunenepesha panya. Tunacheka, lakini si cheko lote ni la furaha. Yeye ndiye aliyebaki kwenye shamba la baba yao wakati kaka zake watatu walipokimbilia kazi za ofisini. Mwaka jana shamba lilimwangusha. Mahindi yalitoka vizuri, halafu majani yakaanza kugeuka zambarau pembeni, mimea ikadumaa, na ilipofika kiunoni ikaanza kutoa mbelewele kama vile imechoka kusubiri. Magunia manne, mahali pa thelathini.

Wakakaa kikao cha familia. Kaka zake wakamwambia wazi, mume wangu akiwa mmoja wao na mimi nikiwa pale pale nagawa chai, kwamba anapewa msimu mmoja tu. Safari hii pia mahindi yakishindikana, shamba linakodishwa kwa mtu mwingine, naye atafute pa kwenda. Ana miaka hamsini na mbili na hajawahi kufanya kazi nyingine. Hakulia. Alinifuata jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, bila utani hata kidogo, "Hivyo vichupa vyenu, vinaweza kuniambia shamba lina nini?"

Nikamwambia vinaweza. Nikamwelekeza achukue udongo sehemu ishirini, achanganye, alete kwenye mfuko safi usiowahi kubeba mbolea. Alifanya yote. Majibu yake niliyaandika kwa mkono wangu: thelathini na nne. Fosforasi ipo ya kutosha, usiweke mbolea ya kupandia, tatizo la mwaka jana huenda lilikuwa baridi au maji. Ijumaa akaja mwenyewe kuchukua karatasi, akaisoma mara mbili, akanikumbatia kwenye korido. Tangu niolewe alikuwa hajawahi kunikumbatia.

Wiki ile ya kupima, asidi ya kusuuzia chupa ilikuwa imetuishia. Niliandika barua ya maombi mara tatu. Chupa zilikuwa zimerudi kutoka kwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo zikiwa na utandu wa mafuta ndani, sijui walizifanyia nini, na sampuli zimejaa mpaka kwenye ngazi kwa sababu kila mtu anataka majibu kabla ya mvua. Nikapandwa na hasira. Nikaenda nyumbani nikachukua sabuni yangu ya unga, ile ninayofulia mashuka, nikazisugua zote mpaka zikang'aa. Nilijua sabuni za namna hiyo nyingi zina fosforasi. Haki ya Mungu, nilijua, nimewafundisha wengine. Nikazisuuza mara tano, nikazinusa, nikasema inatosha.

Chupa moja sikuiosha. Kila siku ya kupima huwa kuna chupa isiyotiwa udongo, ya kuionyesha mashine sifuri ni ipi. Hiyo ninayo ya peke yangu, nimeifunga utepe mwekundu, naificha kabatini na ole wake atakayeigusa. Haikwenda kwa wanafunzi, haikuingia kwenye sabuni. Kwa hiyo sifuri yangu ilikuwa safi, mashine haikulalamika, na mimi nikaendelea kusoma namba na kuzijaza.

Jumatano asubuhi, baada ya asidi kuletwa hatimaye, nilitaka kuanza kundi jipya. Kabla ya kuziosha chupa upya nikakumbuka udongo shahidi. Ndivyo tunavyouita: uko kwenye kopo kubwa, umepimwa na maabara nyingi, na namba yake inajulikana, ni tisa. Unatakiwa kupimwa pamoja na kila kundi ili ukutolee ushahidi kwamba hukukosea. Wiki ile ya haraka sikuupima. Nilisema nitaupima kesho, na kesho ikawa siku nyingine. Basi nikautia kwenye chupa mbili zilizokuwa rafuni, bado na ule mng'ao wa sabuni yangu.

Bluu ilipoanza kuingia nilidhani ni mwanga wa dirisha. Nikaisogeza ile mirija yenye maji ya kupimwa kwenye ukuta mweupe. Bluu ile ile, nzito. Mashine ikasoma thelathini na tatu. Ya pili, thelathini na moja. Nikachukua chupa yangu ya utepe mwekundu, nikatia udongo shahidi humo, nikatikisa, nikachuja. Karatasi ya kuchujia ikachanika kwa haraka yangu, ikabidi nianze tena. Tisa.

Nilikaa chini, kwenye kiti ambacho siku zote nawakataza wengine kukalia na koti la kazi. Majibu arobaini na moja yalikwenda kwa watu Ijumaa. Mvua ilinyesha Jumatatu usiku, na Jumanne ikanyesha tena.

Nikampigia wifi. Simu imezimwa. Akiwa shambani huwa anaizima, anasema chaji ni ya jioni. Nikampigia mume wangu, naye yuko safarini kikazi, akaniambia, "Dada anapanda leo, si ulimpa majibu wewe mwenyewe?" Nikamkatia.

Mkuu wa maabara tunamwita Daktari. Ni mpole, na upole wake unanikera kwa sababu hautikisiki. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umemwambia mtu?"

"Nimekuambia wewe."

"Vizuri. Usimpigie mkulima yeyote. Udongo wao tunao, tutapima upya zote arobaini na moja, tutatoa barua rasmi. Siku nne hivi."

"Siku nne! Daktari, watu wanapanda leo. Siku nne hizo mbegu zitakuwa zimeota."

"Na ukiwapigia ukasema namba zetu ni za uongo, nani ataleta udongo hapa tena? Hatujui kila chupa ilibaki na kiasi gani. Huenda wengine wana nyingi kweli. Tukiongea, tuongee mara moja tu, tukiwa na uhakika." Akanyoosha mkono. "Lete lile daftari la kupokelea sampuli, nitakaa nalo mimi."

Hakuwa anasema upuuzi, hilo ndilo lililoniuma. Nikarudi maabara kuchukua daftari. Nikaliweka kwenye mkoba, nikavua koti, nikatoka mlango wa nyuma na kusimamisha pikipiki. Sikuwa nimeamua jambo lolote kuhusu wale wengine, na sitajisifu hapa kwa ushujaa nisiokuwa nao. Kichwani mwangu kulikuwa na mtu mmoja tu, yule aliyenikumbatia kwenye korido.

Njia ilikuwa na utelezi na dereva alikuwa mwoga. Nilimfokea mara mbili aongeze mwendo, na mara ya tatu akasimama akaniuliza kama nataka kuendesha mwenyewe. Kila shamba tulilolipita lilikuwa na watu: mmoja anachimba shimo, mwingine anadondosha mbegu, wa tatu anafukia kwa mguu. Niliwatazama wote mikononi kuona nani ana ndoo ya mbolea. Wengine walikuwa nazo. Wengine hawakuwa nazo, na sikuwa na namna ya kujua ni kwa sababu gani.

Wifi nilimkuta katikati ya shamba, sketi ameipandisha magotini, kopo la mbegu kiunoni. Binti yake alikuwa mbele na jembe, majirani wawili wako nyuma yake. Walikuwa wamekwishamaliza karibu nusu.

"Simameni!" nikapiga kelele. "Acheni kupanda! Wifi, acha!"

"Ala! Mama Dekio kaingia matopeni na viatu vya ofisini," akasema, na majirani wakacheka. "Leo umekuja kutupigia deki shamba?"

"Yale majibu si ya kweli."

"Majibu gani?"

"Karatasi yako. Thelathini na nne si ya kweli. Ni tisa, ni kumi, sijui, lakini ni kidogo. Shamba lako linahitaji mbolea ya kupandia, wifi. Ndiyo maana mwaka jana yaligeuka zambarau."

Nikamweleza sabuni, chupa, haraka, udongo shahidi, vyote nilivitoa kwa pumzi moja. Mwanzoni alicheka, cheko fupi. "Yaani umeua shamba langu kwa sabuni ya kufulia?" Halafu uso ukakakamaa. Akalifungua kopo la mbegu kiunoni, akaliweka chini taratibu sana, na nikajua anaogopa kulirusha.

"Nilikuuliza," akasema. "Kule jikoni nilikuuliza kama mtoto. Unajua ilivyonigharimu kukuuliza wewe?"

"Najua."

"Hujui. Ningekosea mwenyewe ningejua nimekosea mwenyewe. Nimepanda nusu shamba kwa karatasi yako, na hao kaka zangu wanahesabu siku."

Sikujitetea, na wanaonijua watashangaa. Nikamuuliza kama ile mifuko miwili ya mbolea aliyokuwa ameinunua kabla ya kupata majibu bado ipo. Ilikuwa ipo, stoo, alikuwa hajapata mtu wa kumuuzia. Nikamwambia basi hatujachelewa: pale ambapo hapajapandwa, mbolea iingie kwenye shimo kwanza, udongo kidogo, ndipo mbegu. Pale palipokwishapandwa, tufungue kila shimo kwa kando, upana wa vidole viwili vitatu kutoka kwenye mbegu, tuweke mbolea kizibo kimoja cha soda, tufukie. Leo hii, kabla mvua haijarudi. Mgongo utauma, lakini mche ukianza kutoa mizizi utaikuta.

Akamtuma binti na jirani mmoja wakalete mifuko. Mimi nikavua viatu nikajifunga kanga kiunoni, nikainama kwenye shimo la kwanza. Niliona nafuu, nakiri, niliona nafuu kabisa. Nikasema moyoni nimewahi.

"Zilikuwa ngapi?" wifi akauliza juu ya kichwa changu.

"Nini?"

"Karatasi za wiki hiyo. Si sampuli moja tu iliyoingia kwenye sabuni yako."

"Arobaini na moja."

"Umewapigia wangapi?"

Nikaendelea kuchimba.

"Nakuuliza, mke wa kaka. Wangapi?"

"Daktari amekataza. Anataka tupime upya kwanza. Akijua niko hapa sina kazi."

"Aliyekukataza kuwapigia hao ndiye aliyekuruhusu kuja kwangu?"

Nikasimama. Nilitaka kumjibu vibaya, jibu nilikuwa nalo mdomoni, kwamba nimetoroka kazini kwa ajili yake na hivi ndivyo anavyonilipa. Lakini macho yake hayakuwa na ugomvi. Alikuwa anauliza kweli.

"Ningekuwa si wifi yako," akasema, "saa hizi ningekuwa namalizia ile mistari, nafurahi. Watu arobaini wako hivyo hivyo sasa hivi. Kosa lao ni kwamba hawana ndugu maabara."

"Huenda wengine udongo wao ni mzuri kweli. Hatujui."

"Basi waambie kwamba hamjui. Namba zao unazo?"

Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Ningeweza kusema sinalo. Nilifikiria kusema sinalo, na sijui kwa nini sikusema, labda kwa sababu alikuwa amekwishaniona nikiutazama ule mkoba.

"Kaa pale," akasema, akinionyesha gunia tupu pembeni ya shamba. "Mashimo yangu nitafungua mwenyewe. Wewe piga simu. Na upige kwa sauti, nikusikie."

Nilikaa, miguu ina tope, nikafungua daftari. Wa kwanza alikuwa hajapanda, akanishukuru, akakata upesi kana kwamba nitabadilisha maneno. Wa pili alinitukana, tusi zito la kunitaja na mama yangu, halafu akauliza kwa utulivu, kwa hiyo niweke kiasi gani? Nikamwambia. Wa tatu hakupatikana. Wa nne alidhani mimi ni tapeli wa simu na akaniambia nimtafute mjinga mwingine, ikabidi nimsomee jina lake, namba ya sampuli na siku aliyoleta ndipo akanyamaza. Kwenye namba ya saba salio likaisha. Wifi alikuwa anasikiliza kweli, maana kabla sijasema kitu aliwasha simu yake na kunirushia toka mstarini. Katikati ya namba ya kumi na moja na kumi na mbili simu yangu iliita, jina la Daktari kwenye kioo. Niliiacha iite mpaka ikachoka. Nilijua sasa hapo hakuna kurudi.

Kila aliyepokea nilimwambia vile vile: mimi ndiye niliyepima, nimekosea, usiiamini ile namba, weka mbolea. Wengi walikuwa bado hawajamaliza. Nilianza kuweka alama ya vema pembeni ya majina, na zilivyozidi kuongezeka pumzi ikaanza kunirudi.

Namba ya kumi na tisa alipokea mzee, sauti inakwaruza, nyuma yake kuku wanalia.

"Shikamoo, mzee wangu. Napiga kutoka maabara ya udongo."

"Marahaba, mwanangu. Mmefanya vizuri kutukumbuka."

Nikamwambia.

"Sisi tumeshapanda," akasema. "Jana tulimaliza."

Nikamweleza jinsi ya kufungua mashimo kwa kando, kama tunavyofanya hapa. Bado siku ni ya pili tu, nikamwambia, inawezekana kabisa, mradi mbolea ipo.

"Haipo. Tuliirudisha kwa muuzaji Jumamosi, gari zima. Akaipeleka kwingine."

"Gari zima, mzee? Shamba lako kwenye daftari ni ekari moja na nusu."

"Langu, ndiyo. Lakini sisi huku udongo wetu ni mmoja, bonde lote hili. Tukaona hakuna haja kila mtu ahangaike kuja kupima. Wakanichagua mimi nipeleke kwa niaba ya wote. Karatasi yako tuliisoma kwenye mkutano, kila mtu akaelewa."

Nilishusha simu kidogo. Wifi alikuwa ameacha kuchimba, amesimama na kizibo cha mbolea mkononi, ananitazama. Nikairudisha sikioni.

"Wote ni wangapi, mzee?"

"Ngoja," akasema. "Ngoja nifikiri nisimwache mtu."

Nikafungua daftari ukurasa wa mwisho, ambao haujaandikwa kitu, nikaliweka juu ya goti. Mzee akaanza kunitajia majina, moja baada ya jingine, polepole, ili niwahi kuandika.